Bafu la mwani, chumvi ya Epsom au maji ya moto matupu: mwili ukiuma uchague lipi?

Tangu nihamie Ireland hili swali naulizwa kila mara, na linatoka pande mbili. Upande wa kwanza ni wenzangu wa kazini, wengi wetu tunahudumia wazee kwenye nyumba za kutunzia, kazi ni kuinua mtu kumgeuza kumkalisha kutwa nzima, mgongo ukifika jioni hauna adabu tena, sasa wanataka kujua kama yale mabafu ya mwani ya Sligo, huku pwani ya magharibi ya Ireland, yanasaidia kweli au ni kutupa hela tu. Upande wa pili ni nyumbani Unguja, shangazi zangu wa Jambiani wanaolima mwani wenyewe, wameona kwenye simu wazungu wamelala kwenye hodhi limejaa mwani wanatabasamu, basi wananiuliza, mwanangu, huu mwani wetu nao unatibu magoti?

Nitoe msimamo wangu mapema ili usisome ukisubiri. Kwa maumivu, kazi kubwa inafanywa na maji ya moto yenyewe na ile nusu saa ya kulala bila simu wala mtu kukuita. Mwani unaongeza mambo mawili, ngozi na raha, na hayo ni ya kweli kabisa wala siyadharau. Kwa hiyo ukilinganisha bei, linganisha ukijua hapa unalipia mapumziko, dawa ni habari nyingine.

Bafu lenyewe la Ireland likoje

Pwani ya magharibi ya Ireland watu wamekuwa wakiogea mwani kwa vizazi, na nyumba ya mabafu ya zamani inayojulikana zaidi ni Kilcullen's pale Enniscrone, kaunti ya Sligo, imefunguliwa mwaka 1912 na mpaka leo iko mikononi mwa familia ileile. Strandhill, kaunti hiyohiyo, kuna Voya, hii ni ya kisasa zaidi, na kule Kerry kwenye mji wa Ballybunion kuna Collins iko ufukweni kabisa. Zamani zilikuwa nyingi zaidi ya hizi, nyingine zilifungwa, na ile ya zamani ya Strandhill inasemekana iliondoka na kimbunga Debbie cha Septemba 1961.

Unapewa chumba chako peke yako au wewe na mwenzio. Kwa mfano Kilcullen's ukiingia unakuta hodhi kubwa la kaure la enzi zile, refu kiasi kwamba mtu mrefu ananyoosha miguu, bomba za shaba nzitonzito, na pembeni kuna kabati la mbao la mvuke, unakaa ndani unafunga milango kichwa kinabaki nje. Unaanza na mvuke kidogo halafu unaingia kwenye hodhi. Maji ni ya bahari, ya moto, ukiona yamezidi au yamepoa unajirekebishia mwenyewe kwa bomba, na juu yake umelazwa mwani mbichi.

Mwani wenyewe kitaalamu unaitwa Fucus serratus, ni bapa, wa kahawia, kingo zake zina menomeno ya msumeno, unaota kwenye miamba ya Atlantiki. Kitu cha kwanza utakachokiona ni rangi, ukiwa baharini ni wa kahawia lakini ukikutana na joto unageuka kijani kibichi, kile kikahawia kinachofunika kijani kinavunjika kwa joto. Kitu cha pili ni ute. Baada ya dakika chache maji yanakuwa mazito na yanateleza, ukichukua jani moja ukilipitisha mkononi kuanzia begani kushuka linaacha ute kama wa bamia iliyochemka, ukijaribu kuufuta unarudi. Huo ute ni alijineti, ndio huohuo unaotumika kutengeneza bandeji maalumu za vidonda vinavyotoa maji na kuzitia uzito aiskrimu. Ukitoka ngozi inakuwa laini mpaka kesho yake, nywele nazo vilevile, na hapo sisemi kwa kusikia.

Mwishoni kuna bafu la mvua la maji baridi ya bahari kwa anayetaka. Mi nasema jaribu, ila kama una moyo au presha achana nalo.

Sasa tuweke pembeni kwa pembeni

Kwenye maumivu. Misuli iliyochoka, mgongo wa kazi, magoti ya utu uzima, shingo ya kukaa kwenye kompyuta, hivyo vyote vinapenda joto. Joto linafungua mishipa ya damu, misuli iliyokaza inaachia, na maji yanakubeba kwa hiyo viungo vinapumzika kubeba uzito wako, maji ya bahari yanakubeba zaidi kidogo kwa sababu ya chumvi yake. Ukiangalia hapo utaona bafu la mwani la Sligo, hodhi la nyumbani lenye chumvi ya Epsom, na hodhi lenye maji ya bomba matupu yote matatu yanakupa kitu hikihiki. Watafiti wamepima kuoga maji ya madini kwa watu wenye yabisi ya viungo, kuna waliopata nafuu, ila ushahidi bado ni dhaifu na nafuu yenyewe ni ya muda. Kwa mwani peke yake ushahidi ni mdogo zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia mwani unatoa sumu mwilini au unaponya baridi yabisi, mshukuru halafu endelea na dawa zako.

Chumvi ya Epsom nayo ina hadithi zake. Ni magnesi salfeti, wazee wetu waliijua kama chumvi ya haluli, ya kusafisha tumbo. Huku inauzwa famasi na supamaketi kwa mifuko, bei rahisi sana, unamwaga vikombe viwili kwenye hodhi basi. Wanasema magnesi inapenya ngozi inaenda kulegeza misuli, lakini ngozi yetu kazi yake ni kuzuia vitu visipite na uthibitisho kwamba inapita ya kutosha haujakaa sawa. Wenzangu wengi kazini wanaipenda na mi siwakatazi, maana anayeweka chumvi ya Epsom analala ndani ya maji dakika ishirini, asiyeweka anaoga haraka anatoka, na zile dakika ishirini ndo zinamsaidia.

Kwenye ngozi mwani unashinda moja kwa moja. Maji ya moto matupu yanakausha ngozi hasa sisi tunaoishi huku kwenye baridi na hita, ukitoka usipojipaka mafuta haraka unapauka. Chumvi ya Epsom ukizidisha nayo inakausha. Mwani unaacha ule utando wake unashika unyevu. Kama ngozi yako ina pumu ya ngozi au soriasisi wapo wanaosema inawatuliza, lakini chumvi ya bahari kwenye ngozi iliyopasuka inachoma kwelikweli, anza na mkono mmoja kwanza.

Kwenye kutulia akili na usingizi, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sababu kubwa ya watu wengi kwenda hata kama hawasemi. Kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala kunasaidia kupata usingizi, mwili unapata joto halafu ukitoka unalitoa na ile kupoa ndo inauambia ubongo kwamba usiku umefika. Hilo utalipata hata kwa maji ya bomba. Lakini kuna kitu bafu la nyumbani halikupi, nacho ni kuondoka. Nyumbani mtoto anagonga mlango, mpangaji mwenzio anasubiri bafu, simu inaita kutoka Dar mtu anataka ada ya shule. Kule Strandhill mlango umefungwa, harufu ni ya bahari, hakuna anayejua jina lako, na ukitoka unatembea kwenye upepo wa Atlantiki ukiangalia mawimbi. Mtu anayefanya kazi zamu za usiku kwa miaka, mama anayelea peke yake ugenini, huyo namwambia aende hata mara moja kwa mwaka na asijisikie vibaya kuhusu hela. Hiyo ni afya pia.

Kwenye hela na usumbufu. Treni ya Dublin mpaka Sligo ni kama saa tatu, Strandhill iko karibu na mji unachukua basi, Enniscrone iko mbali zaidi inabidi uwe na gari au upange vizuri. Ukijumlisha nauli, bafu lenyewe na chakula, hela inayotoka inaweza kununua chumvi ya Epsom ya kukutosha mwaka mzima. Katikati ya hayo mawili kuna njia ya tatu, mwani uliokaushwa unaouzwa kwenye mifuko ya kutumbukiza nyumbani. Huu nimeutumia na naupenda kwa kiasi, ukiuloweka maji ya moto kwanza ute unatoka vizuri ingawa hauufikii ule mbichi. Hakikisha uko ndani ya mfuko wa wavu, usiutie hivihivi, utaziba bomba la maji machafu na ukiwa mpangaji utaitwa. Na hodhi linateleza vibaya sana, weka mkeka wa mpira chini na usiinuke haraka.

Ndugu zetu Wakongo walioko Ufaransa na Ubelgiji wana la kwao. Ufaransa kuoga maji ya bahari ya moto na kupakwa tope la mwani ni biashara kubwa, kituo cha Roscoff kule Bretagne kilianza 1899, na Quiberon kikafunguliwa 1964 na Louison Bobet, yule bingwa wa baiskeli, baada ya ajali iliyomuumiza mguu. Ni pazuri ila ni ghali, na kwa kawaida wanauza kwa siku kadhaa mfululizo na hoteli juu yake. Kama daktari wako wa Ufaransa anaona viungo vyako vinahitaji tiba ya maji, mwulize kuhusu tiba ya chemchemi za moto, ile ya siku 18 za matibabu, kwa sababu hiyo akiiandika daktari bima ya serikali inachangia. Hapo usichanganye mambo mawili, mwani wa raha na chemchemi ya cheti.

Mwani wetu wa Unguja na Pemba je?

Kwanza tuelewane kwamba si mwani mmoja. Ule wa Ireland ni wa kahawia, wa kwetu unaolimwa ni jamii ya mwani mwekundu, spinosamu na kotonii, uliletwa kama zao la biashara mwaka 1989 na mpaka leo wakulima wengi ni kina mama. Ute wake siyo alijineti, ni karajini, kile kinachotiwa kwenye dawa ya meno na vyakula vya maziwa kushika uzito. Karajini nayo inalainisha ngozi vizuri, ndo maana Paje na Kidoti kina mama wanatengeneza sabuni na mafuta ya mwani, na sabuni hizo ni nzuri, nikienda likizo narudi nazo begi zima. Ila karajini haitoki kirahisi kwenye maji ya kuoga ya kawaida, inataka kuchemshwa. Kwa hiyo ukichukua mwani mkavu ukautupa kwenye maji ya uvuguvugu ukalala ndani utapata harufu na mchanga, ute utauona kidogo tu.

Tena wengi wetu nyumbani hatuna hodhi la kulala, tuna ndoo na beseni, na si tatizo kabisa kwa sababu magoti, nyayo na viganja vinaweza kulowekwa bila mwili mzima. Maelekezo niliyompa shangazi ni haya. Chukua konzi moja au mbili za spinosamu mkavu, osha mchanga na chumvi mpaka maji yatoke safi, loweka usiku kucha. Asubuhi utakuwa umevimba na kulainika, chemsha kwa maji kidogo moto mdogo kama nusu saa mpaka uanze kuyeyuka na maji yawe mazito. Mimina kwenye beseni, ongeza maji ya kawaida mpaka kiwiko kikubali, siyo kiganja maana kiganja cha mtu anayefanya kazi hakisikii moto. Tia miguu dakika kumi na tano hadi ishirini, na ule ute paka juu mpaka magotini ukisugua taratibu kuelekea juu. Kwa mgongo lowesha taulo humohumo, kamua, mtu akuwekee kiunoni ukiwa umelala kifudifudi. Maji yakibaki mwaga nje kwenye migomba, usimwage kwenye sinki, yakipoa yanaganda.

Shangazi anasema miguu inakuwa miepesi na nyufa za kisigino zimepungua. Magoti yakishatoka kwenye beseni yanakaa vizuri jioni ile, kesho maumivu yapo palepale, na mi nadhani anasema kweli tupu kuliko matangazo yote niliyowahi kuyasoma.

Na hapa lazima niseme linaloniuma. Hao kina mama maumivu yao yanatokana na mwani huohuo. Wanafuata bamvua, maji yakitoka wanatembea mbali mpaka kwenye vigingi, wanainama saa kadhaa ndani ya maji wakifunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, yaani vikamba vyembamba, halafu wanarudi na magunia mabichi yanayovuja kichwani au wakiyaburuta. Kilo ya spinosamu mkavu wanauza kwa hela isiyofika bei ya kikombe kimoja cha kahawa hapa Dublin. Nikiona mtu analipa kulala kwenye mwani nakumbuka ile migongo, na najua mgongo wa shangazi ungesaidiwa zaidi na chombo cha kubebea mzigo kuliko beseni lolote. Mwenye ndugu anayelima, kabla ya kumtumia mafuta ya kuchua, mwulize kikundi chao kina ngalawa au hakina, mchangiane.

Kwa walio bara, mbali na bahari, mwani siyo lazima. Tanga kuna zile chemchemi za kiberiti za Amboni, Naivasha kuna bwawa la Olkaria linalotumia maji ya joto la ardhini, Uganda watu wa Sheema wanaijua Kitagata, Rwanda kule Rubavu kuna Nyamyumba. Joto utalipata, madini utayapata, na bei mara nyingi ni ya kawaida. Vua pete na cheni za fedha kwenye maji ya kiberiti zitakuwa nyeusi. Na Bogoria ni ya kuangalia kwa macho, yale maji yanachemka, usishawishike hata kidogo kutia mguu kwenye chemchemi zenyewe.

Nani asiingie, au aulize kwanza

Hii haichagui kama ni mwani, chumvi au maji matupu. Mjamzito asikae kwenye maji ya moto sana. Mwenye presha, moyo, au anayemeza dawa za presha, maji yawe ya uvuguvugu na awe na mtu karibu, kwa sababu mishipa ikifunguka presha inashuka na ukisimama ghafla unaanguka. Mwenye kisukari ambaye miguu imeanza ganzi asijipimie joto kwa mguu, ataungua bila kujua, na ngozi ya kisukari ikiungua ni kesi ndefu. Mwenye kidonda kibichi asubiri kipone. Umeteguka jana na pamevimba, weka barafu kwanza, joto baadaye.

Kwa mwani peke yake ongeza tezi ya shingo. Mwani wa bahari hasa wa kahawia una madini joto mengi, kinachopita kwenye ngozi nzima ni kidogo lakini kama unatibiwa tezi muulize daktari kwanza, na usinywe yale maji kwa kisingizio chochote kile, nimeshasikia watu wanashauriana hivyo. Mwenye mzio wa madini joto vilevile aulize.

Mi ningechagua hivi

Kama tatizo lako ni misuli ya kazi na hela ni ya mahesabu, maji ya moto ya nyumbani mara mbili tatu kwa wiki, chumvi ya Epsom ukipenda, halafu mazoezi ya mgongo aliyokupa mtaalamu maana bila hayo unarudi palepale. Kama ngozi ndo inakusumbua au unataka kujipenda kidogo nyumbani, mwani mkavu wa mfuko. Kama umechoka mpaka ndani, unalia bila sababu, hulali, na una hela ya siku moja, nenda Sligo, mi Enniscrone naipenda zaidi kwa ule uzee wake na lile kabati la mvuke ila kwa asiye na gari Strandhill ni rahisi, weka nafasi mapema kama ni wikiendi au kiangazi, nenda umekula kidogo siyo umeshiba, beba chupa ya maji ya kunywa, na usipange zamu ya usiku siku hiyohiyo kwa sababu ukitoka pale mwili unataka kitanda tu. Kama uko Unguja au Pemba, beseni na mwani wa uani kwako vinatosha.

Na maumivu yakishuka kutoka kiunoni mpaka mguuni na ganzi, au mkojo ukaanza kutoka bila habari, au goti limevimba lina moto na una homa, hapo acha haya yote nenda hospitali siku hiyohiyo.